Mgomo Ufaransa, jam Uingereza: Siku 32 za malori kulala barabarani

Ukitoka Nairobi na Mombasa Road, kabla hujafika Athi River, unapita mji unaitwa Mlolongo. Wengi wetu tumewahi kushuka pale kula nyama na hatujawahi kujiuliza jina lilitoka wapi. Lilitoka kwa malori. Kulikuwa na mizani, malori yanapanga laini kungoja kupimwa uzito, madereva wanashuka kutafuta chai na pa kulala, mama chai wanapiga vibanda, na kabla useme chochote mji umesimama. Mji mzima ulizaliwa na foleni.

Uingereza nao wana mlolongo wao, ila wa kwao haukuzaa mji. Uko kwenye barabara kuu inaitwa M20, jimbo la Kent, kusini-mashariki, ile inayoshuka kuelekea bandari ya feri ya Dover. Foleni ikija, polisi wanaifunga barabara yenyewe na kuigeuza kuwa maegesho ya malori. Hakuna mama chai anayeruhusiwa kuweka kibanda. Mwaka 2015, kati ya Juni na Julai, walifanya hivyo siku 32. Na kilichowasha moto hakikuwa Kent wala London. Kilikuwa mgomo wa mabaharia ng'ambo ya maji, Calais, Ufaransa.

Angalau hivyo ndivyo watu wengi walivyoambiwa. Nitarudi hapo, kwa sababu hiyo hadithi ina mlango wa nyuma.

Kwanza niseme mbona hii kitu inanihusu mimi, mtu wa Umoja Innercore ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya. Nilipoacha chuo, Anko wangu, ambaye ni dereva wa trela, alinichukua kama utingo, ama tanboi vile tunaita huku. Januari 2022 tulikuwa tunapeleka mzigo Kampala. Uganda ilikuwa imeamua kila dereva apimwe korona mpakani, kipimo dola 30, na madereva wa Kenya wakasema hawalipi, wakaegesha. Malaba ikakwama. Foleni ikarudi nyuma mpaka upande wa Bungoma, na sisi tulikuwa ndani yake. Kule Uganda petroli ikapanda bei kwa sababu mafuta yalikuwa kwa yale matangi yaliyosimama nyuma yetu. Mwenye lori alikuwa anatulipa kwa trip, si kwa siku. Kwa hivyo kila asubuhi tukiamka palepale, tunajua leo pia ni bure.

Nilikuwa na simu, bando kidogo, na muda mwingi kuliko ninaohitaji. Ndio nikaanza kusoma kuhusu foleni za malori duniani. Wengine husoma mambo ya maana.

Sasa rudi Kent. Kuelewa kwa nini mgomo wa Calais unafunga barabara ya nchi nyingine, chukua ramani. Kati ya Dover na Ufaransa bahari ina upana wa kilomita kama 33 tu, pale ilipobana kabisa. Siku ya jua unaona ng'ambo kwa macho. Feri inavuka kwa saa moja na nusu hivi. Halafu pembeni kidogo, Folkestone, kuna lile handaki la reli linalopita chini ya bahari, kilomita 50, lililofunguliwa mwaka 1994. Lori linapanda juu ya treni, dakika 35 liko upande wa pili. Njia zote mbili, ya juu ya maji na ya chini ya maji, zinatokea Calais. Na upande wa Uingereza, ukitoka London, zote mbili unazifikia kwa barabara ileile, M20.

Kwa ufupi ni chupa yenye mdomo mmoja.

Mwaka huo wa 2015 Dover pekee ilipitisha malori zaidi ya milioni 2.5. Gawanya kwa siku, unapata karibu 7,000, nusu yanakwenda na nusu yanarudi. Tuseme 3,500 yanatoka Uingereza kila siku. Trela la kawaida kule lina urefu wa mita 16.5. Ukiyapanga mdomo kwa mkia bila kuacha hata nafasi ya mbuzi kupita, unapata laini ya kilomita karibu 58. Hiyo ni kutoka katikati ya Nairobi, upite Thika, na bado unaendelea. Na hiyo ni siku moja tu, bandari moja, bila kuhesabu ya handaki. Kwa hivyo Calais ikifungwa asubuhi, kufikia jioni swali si kama kutakuwa na foleni. Swali ni itawekwa wapi.

Jibu la polisi wa Kent lina jina tangu mwaka 1988: Operation Stack, yaani oparesheni ya kurundika. Hata hiyo ya kwanza ilikuwa sababu ya mgomo, wa mabaharia wa feri palepale Dover. Inavyofanya kazi ni rahisi na ni ya kuudhi. Wanafunga upande wa M20 unaoelekea baharini, kipande kwa kipande, kati ya makutano fulani na fulani. Magari madogo yanatolewa. Malori yanaingizwa na kupangwa kwa laini, ya feri huku, ya handaki kule, na katikati wanaacha njia ya ambulansi na polisi. Nafasi ikipatikana mbele, kundi linaachiliwa, waliobaki wanasogea, injini zinazimwa tena.

Wale wa magari madogo wanasukumwa kwenye A20, barabara ya zamani inayopita sambamba, ndani ya vijiji. Fikiria Thika Road imefungwa halafu kila mtu anaambiwa apitie njia ya shamba. Watu wa Maidstone na Ashford walikosa kufika kazini na kwa miadi ya hospitali, biashara zikakosa wateja. Kent watu wanaiita bustani ya Uingereza. Majira yale bustani ilikuwa na malori zaidi ya 4,000 kwa wakati mmoja, yamesimama juani.

Nilimwonyesha Anko picha ya M20 iliyopigwa kutoka juu, malori yamepangika kama sabuni dukani. Akaiangalia muda mrefu, akapanua kwa vidole, akahesabu laini. Mimi nilidhani atasema kitu kuhusu lami. Akauliza, "Na choo?"

Swali la mtu aliyewahi kukwama. Kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa kule. Barabara kuu haijajengwa kwa binadamu kukaa. Hakuna kivuli, hakuna bomba, hakuna duka. Walileta vyoo vya kubebeka, lakini laini ni ya makumi ya kilomita na wewe huwezi kuacha lori kutembea kilomita mbili, maana laini ikisonga na haupo, umekwisha. Wakazi wakalalamika kuhusu uchafu kandokando ya barabara. Maji ya kunywa na chakula vilibidi vipelekwe na watu wa serikali ya jimbo na wahisani. Na madereva wenyewe wengi hawakuwa hata Waingereza. Walikuwa Wapolandi, Waromania, Wahungaria, Walithuania. Wamegomewa na Mfaransa, wamekwama kwa Mwingereza, mzigo ni wa Mjerumani.

Kuna kitu kingine ambacho sisi hapa hatukijui sana: saa za kuendesha. Ulaya, dereva wa lori ana kifaa ndani ya kabini kinaitwa takografu. Kinarekodi kila dakika gari linapotembea na kila dakika limesimama. Sheria inasema saa tisa za kuendesha kwa siku, na ukiendesha saa nne na nusu lazima upumzike dakika 45. Usiku unatakiwa upumzike saa 11 mfululizo. Inasikika poa sana, na kwa kweli ni poa. Anko aliposikia alicheka akasema hata mara moja hajawahi kulala saa 11 tangu aoe. Lakini weka sheria hiyo ndani ya foleni. Umelala saa nne, polisi anagonga dirisha, songa mbele mita mia tatu. Je, ule usingizi umehesabika ama umeanza upya? Na ukikaa foleni siku nzima halafu feri ikapatikana wakati saa zako zimeisha, utafanya nini? Unavunja sheria ama unapoteza nafasi? Unakuta mtu amekaa siku mbili bila kuendesha na bado hana ruhusa ya kuendesha.

Sasa ule mlango wa nyuma.

Mashujaa ama wahalifu wa hadithi hii, inategemea unauliza nani, ni wafanyakazi wa kampuni ya feri iliyoitwa MyFerryLink. Juni 23, 2015 waliifunga bandari ya Calais, wakaingia mpaka kwenye eneo la reli ya handaki na kuchoma matairi. Treni zikasimama. Feri zikasimama. Wakarudia tena mwisho wa mwezi, na tena Julai. Walizikalia meli zenyewe, wakakataa kushuka. Magazeti ya Uingereza yakaandika yale huwa yanaandika kuhusu Wafaransa na migomo, unaweza kukisia.

Lakini hao jamaa walikuwa wanagomea nini? Turudi nyuma kidogo. Kulikuwa na kampuni inaitwa SeaFrance, mali ya shirika la reli la serikali ya Ufaransa. Ikafilisika, na Januari 2012 mahakama ikaamuru ivunjwe. Wafanyakazi, badala ya kwenda nyumbani kulia, wakaunda chama cha ushirika. Kampuni inayomiliki lile handaki, Eurotunnel, ikanunua meli tatu za SeaFrance na kuwakodishia. Agosti 2012 meli zikarudi majini kwa jina jipya, MyFerryLink, zikiendeshwa na ushirika wa walewale mabaharia. Yaani watu waliofutwa kazi wakajirudisha kazini wenyewe. Kama wewe ni kijana wa Nairobi unayeambiwa kila siku ujiajiri, hapo unafaa kupiga makofi.

Shida ikatoka London. Mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza iliangalia ikaona mwenye handaki sasa ana meli pia, atashika zaidi ya nusu ya soko la kuvuka, na siku moja atapandisha bei. Mwaka 2013 ikaamua kwamba Eurotunnel haiwezi kuendesha feri kutoka Dover. Kesi zikaenda na kurudi. Mwaka 2014 uamuzi ukathibitishwa. Januari 2015 Eurotunnel wakashindwa tena, wakachoka, wakasema basi, tunatafuta mtu wa kuchukua meli. Halafu ona hii: Mei 2015 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikawapa ushindi! Lakini mambo yalikuwa yameshaiva. Mwanzo wa Juni ikatangazwa meli mbili kubwa zinakwenda kwa DFDS, kampuni ya Denmark, na mkataba wa ushirika unaisha na mwanzo wa Julai. Watu kama 600 wakaona kazi inaondoka, na mwajiri mpya alikuwa na nafasi za baadhi yao tu.

Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaigeuza tena hukumu, ikasema mamlaka ya ushindani ilikuwa sawa tangu mwanzo. Wakati huo meli zilikuwa zimeshakwenda na matairi yameshapoa.

Kwa hivyo ukisoma "mgomo wa ng'ambo umefunga M20", ni kweli. Ila uamuzi uliowanyang'anya hao watu meli uliandikwa ofisini London, umbali wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwenye hiyo M20 yenyewe. Cheche ilirushwa kutoka Uingereza, ikawaka Ufaransa, moshi ukarudi Kent. Sisemi mamlaka ilikosea. Bei ya kuvuka ni kitu cha maana, na mwenye handaki kumiliki na meli, hata mimi ningeuliza maswali. Nasema tu kwamba yule mkazi wa Ashford aliyekuwa anatukana Wafaransa ndani ya gari lake alikuwa anatukana nusu ya hadithi.

Na mgomo haukuwa peke yake. Majira hayohayo maelfu ya wakimbizi walikuwa wanaishi kwenye kambi ya mahema na mabati nje ya Calais, wengi wakitoka Sudan, Eritrea, Afghanistan. Malori yakisimama kwa sababu ya mgomo, kwao ilikuwa nafasi: lori lililosimama unaweza kulipanda, linalokimbia huwezi. Wakawa wanaingia nyuma ya trela, wengine wanaingia handakini kwa miguu. Kadhaa walikufa. Usiku handaki linafungwa kwa ajili ya usalama, asubuhi foleni ya Kent imeongezeka. Ndiyo maana zile siku 32 huwezi kuziweka zote kwa mabaharia. Mwanzo walikuwa wao, mwisho ilikuwa mchanganyiko, na mtu aliyekaa kwa kabini hangejua leo amekwama kwa sababu ya nani.

Gharama? Chama cha wasafirishaji mizigo cha Uingereza kilikadiria uchumi wa nchi ulikuwa unapoteza pauni milioni 250 kila siku ya Operation Stack. Mimi huwa naziogopa hesabu za aina hiyo, zinatolewa na watu wanaotaka kulipwa fidia ama kujengewa barabara. Lakini hata ukikata nusu ya hiyo, bado ni pesa ya kutisha. Samaki wa Scotland waliokuwa wanapelekwa Ufaransa na Uhispania hawasubiri mazungumzo ya wafanyakazi.

Wala maua hayasubiri. Hapa ndipo laini ile inatugusa sisi, na si kwa mbali. Waridi nyingi za Naivasha hupanda ndege JKIA usiku, zinashuka Amsterdam, zinaingia mnada wa Aalsmeer. Kutoka pale, sehemu inayonunuliwa na Waingereza husafiri kwa lori lenye baridi na kuvuka bahari, mara nyingi hapohapo Calais. Yanayokwama kwenye M20 ni malori yanayotoka Uingereza, ndiyo, lakini lori ni lilelile. Likikosa kurudi Uholanzi leo, kesho halipo kuchukua mzigo. Na upande wa Ufaransa barabara ya kuelekea bandarini nayo inajaa yale yanayotaka kuvuka kuja. Waridi likikaa siku mbili zaidi njiani, ni siku mbili limepunguziwa kwenye chombo cha maua cha mnunuzi, na bei inajua. Msichana aliyelikata ndani ya greenhouse kule Naivasha saa moja asubuhi hajawahi kusikia neno Calais.

Baada ya ule msimu, serikali ya Uingereza ilijitahidi. Agosti 2015 wakaandaa uwanja wa ndege wa Manston, uliokuwa umefungwa mwaka uliotangulia, uwe maegesho ya dharura. Wakatangaza pauni milioni 250 za kujenga maegesho makubwa ya malori pembeni mwa M20, sehemu inaitwa Stanford. Wakazi wakaenda kortini, na mwaka 2017 mradi ukafutwa. Badala yake wakaja na mpango mwingine, Operation Brock, ambapo malori yanawekwa upande mmoja wa barabara na magari mengine yanapishana upande wa pili, wakitenganishwa na ukuta wa zege. Siku hizi kuna mashine maalum inayouhamisha ule ukuta usiku kucha. Kwa hivyo foleni haijaondolewa. Imepewa lane yake.

Krismasi ya 2020 iliwapata tena, safari hii si mgomo. Ufaransa ilifunga mpaka ghafla kwa saa 48 kwa kuogopa korona ya aina mpya, na maelfu ya madereva wakala Krismasi ndani ya kabini, Manston na kwenye M20. Masingasinga wa shirika la Khalsa Aid waliwapelekea chakula cha moto. Anko alipenda hiyo. Sisi kule Malaba tuliuziwa chapo kwa bei ya foleni, ambayo ni bei tofauti na ya kawaida, na huyo mama simlaumu, alikuwa anatembea kilomita na sufuria kichwani.

Tulipovuka hatimaye, baada ya Uganda kulegeza masharti ya kile kipimo, mwenye lori alipiga simu kuuliza kwa nini tumechelewa. Tulilipwa trip moja. Niliacha kazi mwezi uliofuata nikaanza kuandika. Anko bado yuko barabarani, na wiki jana alinitumia picha ya foleni ya Busia bila maneno yoyote.

Zile meli mbili bado zipo. Rodin ikaitwa Côte des Dunes, Berlioz ikaitwa Côte des Flandres, zikaendelea kuvusha malori katika bahari ileile, zikiwa chini ya DFDS.